Kuizalisha XML ni Kazi Nyepesi, Kuihifadhi Ndiko Kwenye Shughuli

(Hotuba niliyoitoa Tanga mbele ya vijana wanaotengeneza tovuti, walimu wa Kiswahili na watunza nyaraka. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Niliyoyachora ubaoni nimeyaweka kwa maandishi.)

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, walimu wangu, dada zangu na kaka zangu: Assalaam aleykum. Bwana asifiwe. Na hamjambo nyote.

Nimeombwa nimalize kabla ya adhana ya adhuhuri, kwa hiyo utangulizi nitaukata. Vijana mlionialika mna kazi nzuri mkononi. Mnataka mashairi na tenzi zilizolala kwenye madaftari ya wazee wa mkoa huu, nyingine zikiwa bado kwa herufi za Kiarabu, ziingie kwenye tovuti. Mjukuu ataketi na daftari la babu yake, atajaza fomu, mfumo utatengeneza papo hapo faili la XML, yaani maandishi yaliyozungushiwa alama ziitwazo tagi zinazosema kila kipande ni nini, na kulihifadhi, na baada ya hapo yeyote mwenye simu, awe Pangani, Lushoto au Maskati, atalisoma. Mkaniuliza: hiyo XML tunaizalishaje, na tunaihifadhije?

Nusu ya kwanza ya swali ni nyepesi, nitaimaliza mapema. Nusu ya pili ndiyo iliyonileta. Mitambo ya kuchapisha tovuti iliyojengwa juu ya XML ilibuniwa isome na ionyeshe. Ukiitaka iandike, itaandika, haitakataa. Lakini ulinzi ambao kazi ya kuandika inauhitaji, sehemu kubwa utauweka wewe mwenyewe.

Kwanza niwape moyo waliochoka kuambiwa kwamba XML imepitwa na wakati. Ni kweli programu nyingi za simu leo zinapelekeana JSON, muundo mwepesi zaidi wa data, na kwa kupeleka jina la mtu na namba yake ya simu JSON inatosha na kubaki. Lakini lile faili la docx mnaloandikia barua za kuomba kazi ni mkoba wa zip wenye XML ndani. RSS inayobeba podikasti ni XML. Na waliowahi kuunganisha mfumo na GePG, mfumo wa Serikali wa kupokea malipo, ili mteja apewe kontroo namba wameshapambana na ujumbe wa XML wenye saini ya kidijitali. Kwa maandishi yaliyopangwa tabaka kwa tabaka, beti ndani ya utenzi, mistari ndani ya beti, na katikati ya mstari neno lililoliwa na mchwa, sijaona kinachoishinda.

Tazameni ubeti huu. Nimeutunga njiani nikija, msiutafutie mwenyewe:

Natoa salamu zangu
kwa wote wenyeji wangu
mkononi sina fungu
nimekuja na maneno

Walimu wananielewa: mistari minne, kila mmoja mizani nane, mitatu ya kwanza ina kina kimoja, wa nne unabeba kina kitakachorudi mwisho wa kila ubeti mpaka utenzi uishe. Ukiuweka kwenye XML unakuwa hivi:

<lg type="ubeti" n="1" xml:lang="sw-Latn">
  <l n="1">Natoa salamu zangu</l>
  <l n="2">kwa wote wenyeji wangu</l>
  <l n="3">mkononi sina fungu</l>
  <l n="4">nimekuja na maneno</l>
</lg>

Tagi hizi sikuzibuni. Ni za TEI, mwongozo wa kuandika matini za kitaaluma ambao kazi yake ilianza mwaka 1987, na toleo lake la P5 likatoka 2007. Najua kijana yeyote mwenye damu inayochemka atataka kubuni tagi zake, <ubeti> na <mstari> na <kibwagizo>, na Kiswahili chake kitapendeza. Ushauri wangu ni kwamba msibuni. TEI tayari ina kundi la mistari, ina mstari, ina alama ya kituo kinachokata mstari wa mizani kumi na sita katikati, ina <gap/> kwa mahali ambapo karatasi imetoboka na <unclear> kwa neno ambalo msomaji hana hakika nalo. Watu wenye tenzi za Kiajemi na ngano za Kijerumani walishaumia vichwa kwa niaba yenu. Na kama ubeti huohuo uko kwa herufi za Kiarabu, weka kundi la pili lenye xml:lang="sw-Arab". Lugha ni ileile, mwandiko tofauti, na kivinjari kitajua upande gani wa kuanzia kusoma mkikiambia kwenye ukurasa. Yote mawili yakae faili moja, kwa UTF-8, mpangilio wa herufi unaobeba miandiko yote miwili, bila mjadala.

Sasa kuizalisha. Jambo ninalolikuta kila ninapofungua msimbo wa watu ni kuunganisha vipande vya maandishi kwa alama ya kujumlisha: tagi ya kufungua, jumlisha alichoandika mtumiaji, jumlisha tagi ya kufunga. Kwenye majaribio inafanya kazi, kwa sababu anayejaribu huandika "shairi la kwanza" na "jaribio". Halafu anakuja mzee mwenye shairi la ng'ombe. Kama kichwa cha shairi umekiweka kwenye sifa, yaani maelezo yanayokaa ndani ya tagi, iliyozungushiwa alama moja moja za kunukuu, yaani kichwa='...', basi ile alama iliyo ndani ya neno ng'ombe inaifunga sifa kabla ya wakati, na waraka wote unakuwa batili. Lugha yetu ina ng' kila kona: ng'ambo, ng'ara, king'ora, ning'inia. Wageni wanaoandika vitabu vya programu huiona hitilafu hii kama jambo la nadra, la majina ya Waairishi. Kwetu itatokea siku ya kwanza. Ongeza na ile alama ya "na" inayopendwa na wenye maduka, Juma & Wanawe, ambayo kwenye XML ni marufuku mpaka iandikwe &amp;. 

Dawa yake ni kutumia kifaa kinachojua XML: XMLStreamWriter iliyo ndani ya Java tangu Java 6, lxml kwa wa Python, XMLWriter kwa wa PHP. Unakiambia "fungua kipengele, weka maandishi, funga", chenyewe kinageuza kila kinachotakiwa kugeuzwa. Kazi ya kuzalisha imekwisha. Kuna mmoja nyuma pale anatabasamu, nadhani alidhani nitaizungumza mpaka saa saba.

Tuingie kwenye mtambo wenyewe. XML 1.0 ilipitishwa na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, tarehe 10 Februari 1998. Mwaka uliofuata Mwitaliano Stefano Mazzocchi akaanzisha Cocoon, mtambo wa kuchapisha tovuti kwa XML, katika jumuiya ya programu huria ya Apache, na tarehe 16 Novemba mwaka huo huo XSLT 1.0, lugha ya kugeuza XML moja kuwa nyingine, ikapitishwa rasmi. Fikra ya Cocoon ilikuwa kutenganisha kazi: mwandishi aandike maudhui, msanifu ashughulike na sura, mpanga programu ashughulike na mantiki, na hakuna anayelazimika kuingia kwenye faili la mwenzake. Leo vijana wengi hamjawahi kuiendesha Cocoon, na sikuja kuwashawishi mwiendeshe. Naitumia kwa sababu ndani yake kila kitu kiko wazi, na tatizo lake utalikuta kwenye mtambo wowote wa aina hiyo.

Cocoon ya kwanza ilijenga mti mzima wa waraka kwenye kumbukumbu ya kompyuta kabla ya kufanya lolote. Waraka mkubwa uliimeza seva. Cocoon 2 ikahamia njia ya kusoma XML iitwayo SAX, ambako waraka haukai mahali, unapita: tagi imefunguka, maandishi yamepita, tagi imefungwa, inayofuata. Waliokulia kwenye mashamba ya mkonge hawahitaji maelezo marefu. Jani linaingia korona, ile mashine ya kusindika mkonge, singa zinatoka upande wa pili, zinaanikwa, zinapigwa brashi, zinafungwa marobota, na hakuna anayesubiri shamba zima livunwe ndipo mashine iwashwe. Kwenye Cocoon cha kwanza ni kizalishi, kinachosoma chanzo na kutoa matukio ya XML. Vinafuata vigeuzi, kimoja au vingi, mara nyingi XSLT. Cha mwisho ni kitoaji, kinachoyageuza matukio kuwa baiti za HTML, PDF au XML na kuzipeleka kwa msomaji. Mpangilio huo nitauita bomba, na wenyeji mniwie radhi, sisemi lile la mafuta la Chongoleani. Ramani moja ya tovuti ndiyo inayosema anwani fulani ipite bomba lipi.

Uzuri wa SAX ni kwamba kumbukumbu haijai. Ubaya wake unaonekana pale unapoamua kwamba mwisho wa bomba usiwe kivinjari cha msomaji, uwe faili kwenye diski. Tukio la kwanza likitokea, baiti za kwanza zimeshaandikwa. Ubeti wa arobaini ukileta hitilafu, beti thelathini na tisa ziko kwenye diski tayari, na huwezi kuzirudisha. Ungekuwa ukurasa wa HTML msingejali sana, maana vivinjari vina huruma, vinaonyesha kilichopo. XML haina huruma hiyo, na ilifanywa hivyo kwa makusudi: kanuni yake inasema kisomaji kikikuta waraka usiokamilika kiripoti hitilafu na kisiendelee kama kawaida. Kwa hiyo faili lenye beti thelathini na tisa nzuri na tagi moja isiyofungwa, kwa mtambo wenu ni sawa na faili tupu. Mbaya zaidi, kama lilikuwa linaandikwa juu ya lile la jana, basi na la jana limekwenda.

Na hitilafu si lazima itoke kwenye msimbo. Umeme wa hapa mnaujua.

Namna ya kujikinga ni ya zamani na haina ujanja. Andika kwenye faili la muda, lenye jina tofauti, ndani ya folda ileile. Ukimaliza, lazimisha mfumo wa kompyuta uzisukume baiti zote mpaka kwenye diski, usiridhike na neno lake kwamba "nimepokea". Kisha lifungue lile faili la muda ulisome tangu mwanzo kwa kisomaji cha XML, ulipime na kanuni za waraka wako. Likipita, ndipo ulibadilishe jina liwe jina halisi. Kubadilisha jina kwenye Linux ni tendo moja lisilogawanyika: msomaji atakuta ama faili la zamani zima au jipya zima, hawezi kukuta nusu. Nimesema folda ileile kwa sababu ahadi hiyo ni ya ndani ya mfumo mmoja wa mafaili tu. Ukiweka faili la muda kwenye folda ya /tmp iliyo diski nyingine, kule kuhamisha kunageuka kuwa kunakili, na nusu zinarudi.

Sasa, Cocoon ilikuwa na kigeuzi maalumu cha kuandika. Ndani ya mkondo wa XML unaweka kipengele cha source:write, ndani yake njia ya faili na kipande unachotaka kihifadhiwe. Kigeuzi kinakiona, kinakikusanya chote mpaka tagi ya kufunga ifike, kinakiandika kwenye faili, halafu kinakitoa kwenye mkondo na mahali pake kinaacha taarifa: imefaulu au imeshindikana, faili ni jipya au limeandikwa juu ya la zamani. Taarifa hiyo inaendelea mbele kwa vigeuzi vingine ili mtumiaji aonyeshwe "Ahsante, shairi lako limepokelewa". Nilipokisoma mara ya kwanza kilinipendeza sana, na bado nakiona kazi ya akili. 

Lakini hebu nifuatilieni kidogo. Uandishi unatokea katikati ya bomba. Baada yake kuna kigeuzi kinachotengeneza ukurasa wa shukrani. Hicho kikianguka, labda kwa sababu faili la XSLT limehaririwa vibaya asubuhi hiyo, mjukuu anaona ukurasa wa hitilafu wakati shairi la babu limeshahifadhiwa. Atafanya nini? Atabonyeza tena. Na tena. Mtakuwa na utenzi mmoja mara tatu, na kila nakala ina tofauti ndogo kwa sababu kila mara alirekebisha herufi mbili tatu. Nimeiona hali hiyo kwenye mfumo wa taasisi moja, tena hawakuwa na mashairi, walikuwa na maombi ya watu. Kwa hiyo mimi nashikilia hivi: bomba la kuandika liwe lake, na bomba la kuonyesha liwe lake. La kwanza likimaliza, seva imwelekeze mtumiaji kwenye anwani ya shairi jipya, na huko bomba la pili lisome kutoka kwenye diski. Akiburudisha ukurasa, anasoma upya, haandiki upya. Vilevile fomu ibebe namba ya pekee iliyotolewa ilipofunguliwa; namba ikija mara ya pili, seva ijue ni ombi lilelile.

Hapo nimegusa jambo la HTTP, utaratibu ambao kivinjari na seva huzungumza, ambalo nitalisema wazi, maana linavunjwa kila siku. Ombi la GET ni la kusoma. Kanuni ya HTTP inaliita salama, yaani anayelituma hakuomba kubadilisha chochote. Bomba la Cocoon kwa kawaida huamshwa na anwani tu, na kishawishi cha kutengeneza anwani kama /hifadhi?shairi=12 ni kikubwa. Mwaka 2005 Google walitoa programu ya kuharakisha intaneti iliyokuwa inafungua viungo vya ukurasa kabla mtu hajavibonyeza. Kwenye mifumo iliyoweka "futa" kama kiungo cha kawaida, ikafuata viungo vya "futa" pia, na watu wakapoteza data bila kugusa kitu. Programu ile haikukosea kanuni, walioweka kufuta nyuma ya GET ndio waliokosea. Roboti za injini za utafutaji zitapita kwenye tovuti yenu usiku na mchana. Kila kinachoandika kikae nyuma ya POST au PUT, maombi ya kubadilisha, na nyuma ya mtu aliyeingia kwa jina lake.

Kuhusu kashe, yaani matokeo yaliyowekwa ili yatumike tena, nitapita haraka. Kwenye Cocoon kila kipande cha bomba kinaweza kutoa ufunguo na uthibitisho kwamba matokeo ya awali bado yanafaa, na mtambo ukaruka kazi nzima. Kwa kusoma ni neema. Kipande kinachoandika kisitoe ufunguo kabisa. Na shairi likishabadilishwa, hakikisha bomba la kusoma linaangalia tarehe ya faili, la sivyo msomaji ataonyeshwa la wiki iliyopita na mtagombana na mzee wa watu.

Kinachostahili muda zaidi ni watu wawili kwa pamoja. Kuna namna ya kuingiza kipande ndani ya waraka mkubwa uliopo, na wengi huipenda: faili moja, mashairi.xml, kila shairi jipya linachomekwa mwisho. Ndani yake kinachofanyika ni kusoma faili zima, kuliongeza, kuliandika zima upya. Mtu wa Muheza na mtu wa Korogwe wakibonyeza sekunde moja, wote wawili wanasoma faili la zamani, kila mmoja anaongeza lake, na anayeandika wa mwisho anafuta la mwenzake. Hakuna ujumbe wa hitilafu. Wote wameambiwa ahsante. Hitilafu ya aina hii siiogopi kwa ukubwa wake, naiogopa kwa ukimya wake, kwa sababu mtaigundua mwaka ujao babu atakapouliza utenzi wake uko wapi.

Kwa hiyo shairi moja, faili moja. Orodha ya mashairi yote izalishwe kwa kusoma folda, isihifadhiwe kama chanzo cha ukweli. Na wawili wakihariri shairi moja, kila fomu ibebe alama ya toleo ililofunguliwa nalo. HTTP ina utaratibu wake, ETag, alama ya toleo, na If-Match, sharti la kuilinganisha: toleo likiwa limeshabadilika, seva inajibu 412, yaani sharti halikutimia, na mhariri anaambiwa apitie kwanza mabadiliko ya mwenzake.

Jina la faili msilichukue kwa mtumiaji. Mtu akiandika kichwa cha shairi lake kuwa ../../ na kuendelea, na nyinyi mkakifanya kuwa njia ya faili, amepanda ngazi za folda zenu mpaka asikotakiwa. Tengenezeni namba wenyewe, kichwa kikae ndani ya waraka. Na mtambo upewe ruhusa ya kuandika kwenye folda ya mashairi peke yake. Ramani ya tovuti na mafaili ya XSLT yasiandikike kabisa na mtambo unaoendeshwa na watu wa nje, kwa sababu anayeweza kuandika XSLT kwenye seva yako ameshakuwa mpanga programu wako.

Walimu, hapa ndipo nawahitaji. Nilisema faili lipimwe kabla ya kuhifadhiwa. Umbo la tagi litapimwa na kanuni za TEI. Lakini vijana wangependa mtambo uhesabu na mizani, na wameshaandika msimbo: hesabu irabu, kila irabu mizani moja. Hebu tuujaribu kwenye mstari wangu wa tatu. Mkononi sina fungu. Irabu ziko saba. Mtambo utasema mstari una upungufu, urudishwe. Nanyi mmeshaona kilichokosekana: ile m ya mkononi ni silabi kamili, m-ko-no-ni. Basi waongeze kanuni kwamba m inayofuatwa na konsonanti ni mizani. Itafaa kwa mtoto na mkono, halafu itakuja mbuni na mbuzi. Mbuni wa ndege ana silabi mbili, mbuni wa kazi, anayebuni, ana tatu. Herufi ni zilezile. Hakuna XSLT itakayolijua hilo bila kuelewa shairi linasema nini. Tena malenga ana ruhusa yake ya kufupisha na kurefusha.

Mimi nasema mambo mawili yatenganishwe. Kuna kasoro zinazozuia kuhifadhi: XML isiyokamilika, mstari uliokaa nje ya ubeti, lugha isiyotajwa. Na kuna mashaka yanayoandikwa pembeni: mizani haikulingana, kina cha nne kimebadilika. Haya ya pili mtambo uyahifadhi kama maelezo ya mhariri, shairi liingie kama lilivyo, mwalimu alipitie. Schematron, lugha ya kuandika kanuni za kukagua XML, inaweza kubeba kanuni za aina zote mbili na kuzipa uzito tofauti. Mkimrudishia mzee utenzi wake kwa sababu kompyuta haijui kuhesabu, hatarudi.

Ahsanteni. Maswali.

(Yaliulizwa mengi. Matatu nayaweka.)

Dada mmoja anayesimamia mfumo wa malipo aliuliza kwa nini tusitumie databesi tukaachana na mafaili. Nilimjibu kwamba kwa malipo yake asithubutu kuacha databesi. Miamala, kufuli, kurudisha nyuma kazi iliyoshindikana, yote niliyoyahubiri databesi inayo tayari. Kwa mashairi ambayo yanaandikwa mara moja na kusomwa mara elfu, mafaili yanatosha, na yana faida kwamba mtunza nyaraka anaweza kuyaona kwa macho. Na kama mashairi yenu yatazidi uwezo wa folda, zipo databesi zinazohifadhi XML kama XML, eXist-db na BaseX, wala hamtabadilisha hata tagi moja. Nikamkumbusha jambo linalomhusu yeye zaidi: ujumbe wenye saini uhifadhiwe baiti kwa baiti kama ulivyopokelewa. Mkiupitisha kwenye bomba ukapangwa upya, nafasi zikaongezwa, sifa zikabadilishana zamu, kwa macho ya msomaji ni waraka uleule lakini saini iliyopigwa juu ya baiti haitakubali. Ndiyo maana W3C walitoa Canonical XML mwaka 2001, na hata hiyo haisamehe kila nafasi iliyoongezwa.

Kijana mmoja aliuliza kuhusu alama ya ng', maana baadhi ya simu huiweka ile iliyopinda badala ya iliyonyooka, na mtu akitafuta ng'ombe kwa iliyonyooka hapati. Nilimwambia ahifadhi kama ilivyoandikwa, na faharasa ya utafutaji ndiyo izifanye zote kuwa moja. Daftari la mtu halirekebishwi wakati wa kuhifadhi.

Mzee mmoja, mwenye madaftari yake mwenyewe kwenye mfuko wa plastiki, aliuliza: huo mtambo ukifa, je? Nikamwambia mitambo inakufa, Cocoon yenyewe ilikuwa maarufu na leo wengi humu wamelisikia jina lake hapa. Ndiyo sababu ya kutaka faili zima, lenye jina la mtunzi, jina la aliyelinakili, na tarehe, vyote ndani yake, kwenye kichwa cha TEI, visikae kwenye mtambo. Kisha nikawageukia vijana: chukueni folda ya mashairi, muiweke kwenye flashi, mwende nayo kwenye kompyuta isiyo na programu yenu hata moja, mumpe mzee asome kwa Notepad. Mfanye hivyo wiki ya kwanza, mkiwa na mashairi matano.